Dhambi saba katika mpingo: tunamchonga mwenye dhambi, au tunamchonga aliyebebeshwa?

Mpwa wa Mchongaji (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, naomba tulijadili kwa utulivu jambo lililonikaa kichwani tangu msimu wa korosho uliopita.

Mjomba wangu ni mchongaji wa vinyago huko Newala, na kwetu sisi Wamakonde mjomba si mtu wa kusikilizwa kwa sikio moja. Mwaka jana dalali mmoja wa vinyago alimletea kazi ya mteja wa nje: vipande saba vya mpingo, kila kimoja kibebe dhambi moja kati ya zile saba ambazo wakatekista huziita mizizi ya dhambi, yaani kiburi, uchoyo, uzinzi, wivu, ulafi, hasira na uvivu. Dalali alikuja na michoro ya penseli ya kumwelekeza. Katika mchoro wa uvivu alikuwapo mkulima aliyelala chini ya mkorosho, jembe pembeni, kofia usoni. Mjomba aliutazama kwa muda, kisha akauliza, "Huyu amelala saa ngapi?" Dalali hakuelewa. Mjomba akamweleza kwamba mtu aliyeanza kupalilia alfajiri, akilala saa saba mchana chini ya mkorosho wake mwenyewe, hana dhambi, ana akili.

Basi akachonga kwa namna yake. Alichukua gogo la urefu wa mkono mzima, akalifanya kinyago cha ujamaa, wale watu waliopandana mabegani kama mnavyowajua, ila juu kabisa akamlaza mtu mnene, amefumba macho, unyayo wake umekanyaga jicho la aliye chini yake. Wa chini wote wako macho. Ukikisogelea unaona mishipa ya shingo imewatoka, na kadiri unavyoshuka ndivyo nyuso zinavyozidi kuwa ndogo, hadi wa mwisho ambaye amebaki mikono tu. Na ule mti mweupe wa nje, ambao wachongaji wengi huuondoa ili ubaki weusi mtupu, aliuacha pale juu peke yake ukawa godoro la aliyelala.

Dalali alikikataa. Alisema mteja aliagiza uvivu, hakuagiza siasa.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma habari za dhambi hizi, na nimeona kwamba mjomba, ambaye hajawahi kukaa katika darasa lolote la historia ya sanaa, aliligusa lililo kwenye shina. Orodha yenyewe imepitia mikono mingi. Evagrius wa Ponto, mtawa aliyeishi katika jangwa la Misri karne ya 4, alihesabu mawazo mabaya manane, na wivu haukuwamo. Papa Gregori wa Kwanza ndiye aliyeipanga upya mwishoni mwa karne ya 6 na kuuingiza wivu. Hicho tunachokiita uvivu nacho kwa Evagrius kilikuwa pepo wa adhuhuri, anayemjia mtawa jua likiwa utosini, akamfanya akichukie chumba chake, achungulie nje kila mara, na aione siku kuwa ndefu kupita kiasi. Huo ulikuwa ugonjwa wa roho ya mtu wa kusali. Ilichukua karne nyingi kumhamisha pepo huyo kutoka chumba cha mtawa na kumlaza juu ya mkulima anayepumzika, na wachoraji walichangia sana kumhamisha.

Nitatoa mifano miwili tu. Mjini Padua, Italia, kuna kanisa dogo lililowekwa wakfu mwaka 1305, ambalo mchoraji Giotto alilipaka picha kuta zote. Aliyeligharamia ni Enrico Scrovegni, tajiri mwenye baba ambaye Dante, mshairi wa Italia, katika utenzi wake alimweka motoni pamoja na wakopeshaji wa riba. Chini ya ukuta mmoja Giotto alichora vilema saba vya tabia, ambavyo si vile saba vya orodha hii: upumbavu, kigeugeu, hasira, udhalimu, ukosefu wa imani, wivu na kukata tamaa. Uchoyo haukupewa picha yake katika kanisa lililojengwa na mtoto wa mla riba! Mfuko wa fedha umo, lakini umeshikwa na Wivu, kizee mwenye pembe aliyesimama katika miali ya moto huku nyoka akimtoka kinywani na kumgeukia macho. Sisemi kwamba Scrovegni alimwelekeza Giotto afanye hivyo. Nasema kwamba ukisimama mbele ya ukuta ule bila kujua historia, utaondoka ukiamini kwamba ubaya wa fedha uko kwa anayeitamani.

Mfano wa pili uko Madrid, katika jumba la makumbusho la Prado: meza ya mbao yenye picha inayohesabiwa kuwa kazi ya Hieronymus Bosch. Katikati kuna jicho la Mungu, na limezungukwa na dhambi saba katika matukio ya kila siku. Hapa uchoyo umo waziwazi: hakimu anajifanya kusikiliza shauri la mmoja huku mkono wake ukipokea rushwa ya mwingine. Katika wivu, watu waliosimama mlangoni wanamkodolea macho tajiri mwenye kipanga mkononi, na nyuma ya tajiri huyo yupo mtumishi aliyeinama chini ya gunia zito. Hakuna anayemtazama yule wa gunia, pengine hata mchoraji mwenyewe. Meza hiyo ilikuwa ya Mfalme Philip wa Pili wa Hispania, ambaye meli zake zilimletea madini ya fedha yaliyochimbwa Amerika na wenyeji waliolazimishwa kufanya kazi migodini, naye aliiweka chumbani kwake.

Swali langu kwenu ni hili: mbona sanaa ya dhambi saba, kwa karne zote hizo, imekuwa hodari wa kumchora mwenye wivu, mvivu na mwenye hasira, ambao mara nyingi huwa ni watu wa chini, na ikiwafikia wachoyo na walafi huwachora peke yao, bila yule waliyemlia chakula chake?

Mzawa wa Lindi

Ndugu mleta mada, sina ugomvi na mjomba wako, ambaye naona ni mtu mwenye busara. Ugomvi wangu ni na safari ya kutupeleka hadi Padua na Madrid wakati jibu liko uwanjani kwetu. Wazee wetu walikuwa na ngoma ya barakoa ya midimu, na ng'ambo ya Ruvuma wana mapiko, ambayo barakoa zake zimewahi kuiga hata sura za wakoloni na askari. Barakoa inapotoka uwanjani, anayechekwa mara nyingi yuko palepale, amekaa na watoto wake, na anajua kwamba ni yeye. Mchoyo wa kijiji anaigizwa mwendo wake, anacheka kwa shingo upande, na kesho yake analegeza mkono kidogo. Hiyo ndiyo sanaa inayogusa tofauti kati ya aliyenacho na asiyenacho. Kinyago cha mjomba wako kingesafiri hadi sebule ya mtu asiyemjua hata mmoja wa wale waliobeba, kingemsuta nani huko?

Jambo jingine ni kwamba umetumia neno ujamaa kana kwamba kinyago hicho tangu mwanzo kilihusu watu kubebeana mizigo. Nilivyosimuliwa, jina lake la kwanza ni dimoongo, nguvu, na aliyekianzisha ni Roberto Yakobo Sangwani, aliyetoka Msumbiji. Juu kabisa alikuwapo mshindi wa mieleka aliyebebwa na wenzake kwa furaha. Jina la ujamaa lilikuja kushika wakati wa siasa yetu ya Ujamaa.

Mpwa wa Mchongaji (mleta mada)

Ahsante, ndugu wa Lindi. Hilo la mshindi ndilo linalokifanya kinyago cha mjomba kichome zaidi, maana umbo ni lilelile: aliyebebwa kwa kushinda na aliyebebwa kwa kulala wanakaa mahali pamoja, na mbebaji hana namna ya kutazama juu akajua amembeba nani. Kuhusu Padua na Madrid, orodha hii ya saba ilizaliwa nje na kutufikia kwa mafundisho, kwa hiyo siwezi kuizungumzia kana kwamba iliota Newala. Ila kuhusu barakoa kumcheka mtu na mwenyewe akiwepo, umenishinda.

Bi Mkubwa wa Mikindani

Wanangu, nimewasoma, na naomba nami niseme kama mwanamke wa pwani na Mwislamu. Sisi hatuna hesabu ya saba, lakini Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitenga robo nzima ya kitabu chake kikubwa, *Ihyaa*, kwa mambo yanayomwangamiza mtu, na humo utakuta tamaa ya tumbo, hasira, husuda, kupenda dunia, ubahili, kupenda cheo na kiburi. Kwa hiyo tuko jirani sana.

Lakini, mleta mada, naona unamtetea masikini hadi unamwondolea utu. Masikini naye anahusudu. Nimeishi mtaa mmoja kwa miaka mingi, na nimeona nyumba ya mtu ikipauliwa bati, majirani wakaacha kumsalimia. Hakuwadhulumu, alikuwa akiuza samaki wa kukaanga pwani tangu ujana wake. Walioacha salamu hawakuwa matajiri. Ukiniambia kwamba wivu ni dhambi waliyobandikwa watu wa chini na wenye mali, nitakuuliza yule mama alikosa nini.

Kiswahili chetu kinalijua jambo hili kuliko orodha hizo. Tuna wivu, tuna gere, tuna husuda, tuna kijicho. Mke anamwonea mumewe wivu, na hatuiti hiyo dhambi. Kijicho kiko machoni, na nimefurahi kusikia kwamba mchoraji wa Padua alimwelekeza nyoka kwenye macho. Ghazali naye anatenganisha husuda, ambayo ni kutaka neema imtoke mwenzako, na ghibta, ambayo ni kutaka nawe uipate bila yeye kuipoteza. Wanaomtazama yule tajiri mwenye kipanga yawezekana wana ghibta tu! Mchoraji hakuwauliza.

Mpwa wa Mchongaji (mleta mada)

Shikamoo Bi Mkubwa. Nimekubali karipio. Sikutaka kumfanya masikini malaika, na mjomba hakufanya hivyo: mmoja wa wabebaji katika kinyago chake anamng'ata kisigino mwenzake aliye juu, na nilipomuuliza kwa nini, alisema hajawahi kuona watu wamebanana bila mmoja kumuuma mwingine. Dante naye, katika toharani yake, aliwashona wenye wivu kope kwa waya wa chuma. Kila niendapo nakuta jicho.

Fundi wa Tezo

Naandika kama mchongaji. Asili yangu ni Mtwara ingawa nafanyia kazi Dar es Salaam. Watu wanajadili maana, nami nataka kusema juu ya mti, kwa sababu hiyo tofauti mnayoitafuta imo ndani ya kipande kabla tezo halijakigusa. Mpingo unahitaji miaka mingi mno kukomaa, pengine sabini au zaidi. Gogo linatoka porini, Kilwa, Liwale au Nachingwea, na mpaka kufika kwangu limeshapita kwa mkataji, mwenye kibali, mwenye gari na muuzaji. Nalilipia kabla sijajua kama ndani lina ufa. Likiwa na ufa, hasara ni yangu. Nachonga kwa tezo, nashuka kwa patasi, napiga tupa, kisha msasa, na vumbi lake jeusi unalikohoa usiku. Kinyago kikikamilika anakuja mnunuzi, anakigeuza chini juu kutafuta kasoro, na bei anaitaja yeye.

Mteja wa mbali akikinunua baadaye kwa bei kubwa, karatasi inayoambatana nacho mara nyingi imeandikwa "Wamakonde", na jina la mchongaji halimo. Wachache sana wametoka wakiwa na majina yao, kama Samaki Likankoa, anayetajwa kuwa ndiye aliyeanzisha vinyago vya shetani miaka ya 1950, au George Lilanga wa huko Masasi, aliyefariki mwaka 2005. Wengine wote ni kabila. Kwa hiyo mtu anapoagiza dhambi saba kwangu, mimi huona ya nane imesimama mlangoni na kipande cha karatasi mkononi, na siwezi kuichonga kwa sababu ndiyo inayonilisha.

Nimpe pole mjomba kwa kukataliwa. Aliupoteza mti.

Mkulima wa Tandahimba

Mjomba wa mleta mada aliuchongaje uchoyo? Mmeurukaruka.

Mpwa wa Mchongaji (mleta mada)

Aliuchonga kama bakuli. Hakuna mtu hata mmoja katika kipande hicho. Ni bakuli la kangomba, ule ununuzi wa magendo, lile la kupimia korosho mtaani nje ya ghala la chama, limechongwa kwa ukubwa wake halisi, laini kwa nje kiasi kwamba mkono unateleza. Ukiingiza mkono ndani unakuta kina chake ni kirefu kuliko linavyoonekana kwa nje, maana aliendelea kulichimba hadi kwenye kitako, na chini kabisa vidole vinagusa kitu chenye pua, midomo na meno. Huwezi kukiona. Lazima uingize mkono. Hicho dalali alikichukua, nadhani alidhani ni bakuli la matunda.

Mkulima wa Tandahimba

Nimecheka, kisha nikaacha kucheka. Mimi nimeuza kangomba, na nataka mjue inavyokuwa, kwa sababu nahofia msanii akiishia kwenye bakuli atakuwa amemkamata mdogo na kumwachia mkubwa.

Tangu msimu wa 2007/2008 korosho zetu zinapita stakabadhi ghalani: unapeleka chama cha msingi, zinapimwa kwa kilo, zinaingia ghala kuu, zinasubiri mnada, kisha unasubiri malipo. Utaratibu huo uliletwa kutuokoa na wanunuzi wa bakuli, na kwa kiasi fulani ulituokoa. Lakini korosho huanza kuanguka Septemba na Oktoba, na njaa ya nyumbani huanza miezi kadhaa kabla ya hapo. Mtoto anadaiwa sare, mama anaumwa, na anayekuja na fedha taslimu mlangoni, ua likiwa bado mtini, ni mtu wa kangomba. Anakupa bei ya huruma kwake na ya kilio kwako. Ni mwizi, nakubali. Pia ndiye aliyekuja siku ile peke yake. Mwaka 2018, Serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaingia kusomba, tulihakikiwa mashamba ili wa kangomba wakamatike, na wapo jirani zangu waliokuwa pande zote mbili za bakuli katika msimu mmoja.

Nikiulizwa mimi, uchoyo ningeuchonga kama kalenda: miezi yenye chakula imechongwa mikubwa, na ile mingine imebanwa pembeni hadi haisomeki.

Mwalimu wa Masasi

Mkulima wa Tandahimba ametoa wazo ambalo wasanii wangelipa ili walipate. Mimi nataka tusimame kidogo kwenye hasira, kwa sababu ndiyo dhambi inayonisumbua nikiwa darasani.

Mwaka 1933, Ujerumani ilipoangukia mikononi mwa Hitler, kazi mbili juu ya dhambi saba zilitokea. Mchoraji Otto Dix, aliyekuwa amefukuzwa kazi ya ualimu wa sanaa huko Dresden, alichora dhambi zote zikiandamana: Uchoyo ni kizee aliyejikunja, mgongoni amempakia Wivu aliyevaa sura ya Hitler (ule mustachi inasemekana aliuongeza baada ya vita), na aliyeutawala msafara ni Uvivu, katika umbo la mifupa yenye mundu mkubwa. Ndugu mleta mada, huo ni uvivu tofauti kabisa na wa chini ya mkorosho: ni wa mtu aliyeona na kunyamaza. Mwaka huohuo mjini Paris, Bertolt Brecht na Kurt Weill walitoa mchezo wa kuimba na kucheza kuhusu msichana aliyetumwa na familia yake mijini akatafute fedha za kujengea nyumba. Kila dhambi inayomnyemelea ni utu wake mwenyewe. Akikasirishwa na ukatili anaoushuhudia, anaambiwa hasira ni dhambi, maana hasira inafukuzisha kazi.

Nakumbuka Mei 2013 hapa mkoani, suala la bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam lilipofika kilele siku ya bajeti ya nishati. Mali za watu ziliharibiwa na watu waliumia, na siwezi kusimama nikasema ilikuwa hasira njema. Lakini wanafunzi wangu walikuwa na swali ambalo hadi leo sijalipatia jibu: anayekasirika kwa sababu ameombwa asubiri, na anayemwomba asubiri kwa upole akiwa ameshiba, ni yupi mwenye dhambi ya hasira? Mchongaji angewaweka wote wawili kwenye gogo moja, mmoja amekunja uso, mwingine anatabasamu, na asituambie ni yupi.

Mpwa wa Mchongaji (mleta mada)

Nimemsomea mjomba uzi huu wote kwa simu, jioni mbili mfululizo, kwa sababu mtandao wa kule juu una tabia zake. Kwa Bi Mkubwa alisema "marahaba" kana kwamba ndiye aliyeamkiwa. Kwa Fundi wa Tezo alinyamaza kitambo, kisha akaniambia jina lake halijawahi kuwekwa chini ya kinyago chake chochote, na kwamba kwenye vipande vilivyobaki atalichonga kwa ndani, pale vidole vinapofika. Wazo la kalenda amelikataa kwa sasa. Anadai miezi haina migongo, na yeye hajui kuchonga kisicho na mgongo. Hasira ya Mwalimu ameanza kuichora kwa mkaa ubavuni mwa gogo.

Kile kinyago kilichokataliwa bado kimeegemea ukuta wa jiko lake, na wajukuu wanakitumia kutundikia nguo. Nilimuuliza yule mnene aliyelala juu ni nani hasa, kwa maana uso wake nimekuwa nikiuona mahali. Aliniuliza kama nimekumbuka kununua tupa mpya, maana ya zamani imekwisha meno.